Weka Alama Panapouma

Karatasi ya kliniki ina mtu aliyechorwa
mbele na nyuma, hana uso, hana vidole,
hana kitovu, kama aliyezaliwa na mashine ya kuchapia.
Chini yake wameandika: weka alama panapouma.
Wepia akaigeuza, akaigeuza tena,
kalamu ikabaki hewani.

Hii ni Dundee, Desemba, saa tisa na nusu alasiri,
na giza limeshaweka kiwiko dirishani.
Tumetoka kiwanda cha kufulia, zamu ya asubuhi,
mashuka ya hospitali tatu yamepita mikononi mwetu.
Mimi nimekuja kumsindikiza tu,
maana muuguzi, Bi. Catriona, huongea haraka
na Wepia akiwa na huzuni husikia polepole.

"Tumbo langu limeharibika," akasema.
Muuguzi akaandika. Akauliza habari za choo,
za pilipili, za kiungulia,
akafungua droo, akatoa vidonge vya kutafuna.

Nilijua. Alikwisha kunifundisha kazini,
yeye kashika pembe mbili za shuka, mimi mbili,
tukikaribiana na kuachana kama wacheza ngoma wasiojuana:
kwao Chiana, katika Kikasem chao,
furaha ni tumbo kuwa jeupe,
huzuni ni tumbo kuharibika, kama maziwa,
na mlango ni mdomo wa nyumba.
Nami nikamlipa kwa vya kwetu Pangani:
mkono wa birika, macho makavu, kwenda shingo upande,
ulimi usio na mfupa.
Birika lilimchekesha mno. Akasema msimamizi wetu
si mkono tu, ni birika zima na mfuniko wake.

"Si chakula," nikamwambia muuguzi. "Ni kama moyo."
"Moyo unauma?" Akainuka kufuata mashine ya presha.
Hapo nikajua nimeongeza ugonjwa badala ya kuupunguza.
Maana hata moyo wangu si ule wa kwenye bango ukutani,
wenye mirija myekundu na mirija ya buluu.
Wangu hupigwa konde, hutiwa, huvunjwa, hufa,
na mwenyewe akaamka alfajiri akaenda kazini.

Basi Wepia akasema mwenyewe.
Juzi ilikuja picha kwenye simu:
chumba cha marehemu mama yake,
ukuta waliokuwa wakiupaka kila kiangazi,
wanawake wameinama pamoja, udongo na samadi,
nyeusi, nyekundu, nyeupe.
Mwaka huu hakuna aliyeinama.
Mvua imekula pembe moja, mdomo wa nyumba umeanguka,
na kaka yake kaandika neno moja: pesa.
"Nimetuma," akasema. "Nimetuma mpaka mkono umekuwa mfupi.
Lakini pesa haina viganja."

Kalamu ikashuka.
Hakuweka alama tumboni wala kifuani.
Aliiweka nje kabisa ya yule mtu,
kwenye weupe wa karatasi, chini kushoto,
karibu na namba ya fomu.
"Ndani ya mstari, mpenzi," akasema Bi. Catriona,
kwa upole wa kweli,
akamwonyesha kwa kidole ulipo mstari.

Tukatoka na vidonge. Kituoni
upepo wa mto Tay ulitupekua kama askari wa forodha.
Akatafuna kimoja, akanipa kimoja. Chaki tupu.
"Labda vitafaa kupaka ukuta," akasema,
na tumbo lake likawa, siwezi kusema jeupe,
tuseme rangi ya shuka lililofuliwa mara mia.

Halafu akakumbuka, akasimama palepale:
bega!
Bega la kulia, la kusukumia kile kitoroli
chenye gurudumu bovu.
Ndilo lililotuleta. Hatukulitaja.
Na hilo linauma hivi hivi, kama bega,
usije ukalitafutia methali.